Mshale Hauitangulii Sauti

Mkazi wa Keshero, mtaa wa mji wa Goma, ashikaye barabara ya Sake asubuhi hatakutana na kulungu njiani, wala hana ruhusa ya kumfuata huko aliko, kwa kuwa pori lililo karibu naye ni la Hifadhi ya Virunga, iliyoasisiwa mwaka 1925, na sheria ya nchi imeharamisha kuwinda ndani yake. Hata hivyo, swali la uta gani ufaao kumwinda kulungu si geni katika mitaa yetu, maana jamaa wengi wamehamia Marekani, katika majimbo kama Kentucky na Iowa, ambako kulungu wa mkia mweupe huwindwa kwa kibali katika majira maalumu. Na huko madukani wameuona upinde wa mtambo, yaani uta uliolazwa juu ya kitako mfano wa kitako cha bunduki, ambao hukazwa kwanza, kisha ukafyatuliwa kwa kidole wakati mwindaji apendapo. Aulizaye achague upi atapata nusu ya jawabu katika ilmu ya mwendo, na nusu nyingine katika msitu wa Ituri, kaskazini mwa Goma.

Katika msitu huo, ilhali wengi wa Bambuti, wakazi wake, waliwinda kwa nyavu, wenzao Waefe walishika uta, na uta wenyewe, akiutazama mtu aliyezoea picha za wapiga mishale wa Ulaya, utamchekesha: ni mfupi, upote wake ni utepe wa henzirani iliyopasuliwa, na mshale hauna nyoya bali jani lililopachikwa katika ufa mwishoni mwa kijiti. Mishale ni ya namna mbili: wa mti mtupu uliopakwa sumu, kwa ajili ya kima walio juu mitini, na wenye chembe ya chuma, kwa ajili ya mboloko na paa wengine wapitao chini. Udogo wa uta huo si upungufu wa maarifa. Mahali ambapo majani huziba macho baada ya hatua chache, uta mrefu ungenasa katika matawi kabla haujavutwa.

Wala upinde wa mtambo si mgeni katika misitu ya Afrika. Msafiri Paul Du Chaillu, katika kitabu chake cha mwaka 1861, aliueleza kwa Wafang wa Gabon: kitako kimepasuliwa kwa urefu wake, na sehemu mbili zikibanwa, kijiti kilichofungwa katika ile ya chini huinuka na kuusukuma upote utoke katika pengo lake. Vishale vyake ni vijiti vyembamba mno, visivyoweza kumwangusha mnyama kwa jeraha. Kazi yote ilifanywa na sumu. Sumu ya jamaa moja na hiyo, ya mmea wa strofanto, ndiyo iliyomshughulisha John Kirk alipokuwa Zambezi pamoja na Livingstone, kabla hajawa balozi wa Uingereza huko Unguja: mswaki wake uliguswa na sumu ya mishale, akaona mapigo ya moyo wake yanapungua, na kutokana na habari hiyo Thomas Fraser wa Edinburgh akaja kuwapatia matabibu dawa ya moyo. Mwindaji wa leo, aliyekatazwa sumu katika majimbo mengi ya Marekani, hana budi kuutegemea wembe wa chembe peke yake, na kwa hiyo anahitaji nguvu.

Nguvu hiyo hupimwaje? Muuzaji hutaja uzito wa kuvuta, mathalan kilo 80, lakini uzito ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni umbali ambao upote unausukuma mshale. Kwa kadirio, zidisha nguvu kwa umbali, kisha ugawe kwa mbili: kilo 80 katika sentimita 35 zaweka akiba ya jouli zipatazo 137, na mshale wa gramu 26 ukichukua robo tatu ya akiba hiyo utatoka kwa mwendo wa karibu mita 90 kwa sekunde. Pinde za chuma za zamani za Ulaya zilivutwa kwa mamia ya kilo, lakini upote wake ulisafiri sentimita chache tu na mbawa zake nzito zililamba sehemu kubwa ya nguvu. Asiulizie basi mnunuzi kilo peke yake.

Sasa tuuweke mshale huo katika mbio. Sauti hukimbia mita 340 kwa sekunde, na upinde wa mtambo una kelele. Kulungu akiwa mita 40, kishindo humfikia baada ya sehemu 12 za sekunde katika mia, na mshale baada ya sehemu 44 au zaidi. Baina ya hizo mbili anayo karibu thuluthi ya sekunde ya kushtuka, kujikunja na kuondoka mahali alipolengwa. Aidha, mshale umekwisha kushuka karibu mita moja chini ya mstari wake wa kwanza. Kwa mita 20 kushuka huko ni kama robo ya mita, na muda wa kushtuka hupungua kwa nusu. Mtambo wa fedha nyingi haumwondolei mwenyewe haja ya kunyemelea, na kwa maoni yangu amtazamaye Mwefe kuwa ni mtu wa zamani na ajipime umbali wake mwenyewe porini.

Katika kuutayarisha upinde wa mtambo, ukazaji ndio unaoharibu zaidi. Mguu ukiwa katika kikuku cha mbele, upote uvutwe kwa kamba yenye makapi, iipunguzie mikono kazi na kuuleta upote katikati ya kitako, kwa maana ukiegemea upande mmoja kwa milimita chache mshale nao utaegemea. Upote upakwe nta. Darubini ilinganishwe kwanza kwa mita 20, kwa mishale ile ile na chembe zile zile zitakazopelekwa porini. Na vidole vya mkono wa mbele vikae chini ya mfereji, kwani upote hukata. Mshale usiwe mwepesi kuliko kipimo cha mtengenezaji, maana nguvu isiyochukuliwa na mshale hurudi katika mbawa, na kufyatua upinde mtupu kwaweza kuzipasua papo hapo. Kwa sababu hiyo mwindaji ambaye jua limemchwea bila kupata kitu hubeba mshale mmoja mkuukuu, akaufyatua katika udongo laini ili aulegeze upinde wake kabla ya kurudi. Udongo ambao Keshero, iliyojengwa juu ya mawe ya volkano, ungetafutwa sana.