MTOTO AHUDUMIWE KWANZA, HESABU BAADAYE

(Muziki wa kipindi unaingia, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: 

Leo tunakwenda Kanada. Najua ukisikia jina hilo unafikiria majirani waliohamishiwa huko, au jina lako linalosubiriwa kwenye orodha. Lakini leo ni habari ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliokuwepo kabla Wazungu hawajafika, na mtoto wao mmoja, Jordan River Anderson.

Jordan alizaliwa mwaka 1999, katika jamii ya Wakree wa Norway House, jimbo la Manitoba. Alikuwa na ugonjwa mzito, akapelekwa hospitali ya Winnipeg, mbali na kwao. Alipofika miaka miwili hivi, madaktari walisema anaweza kutoka akahudumiwe katika nyumba ya familia. Sasa nani alipe? Watoto wengine wa Kanada hulipiwa na jimbo. Huyu kwa kuwa ni wa jamii ya asili, jimbo lilisema ni kazi ya serikali kuu, na serikali kuu ikasema ni kazi ya jimbo. Walibishana zaidi ya miaka miwili. Jordan alifariki mwaka 2005, bado yuko hospitalini, akiwa na miaka mitano.

Niliposoma habari hii nilimkumbuka mama mmoja jirani yetu. Mwanawe alihitaji kiti cha magurudumu. Nilimsindikiza dawati la kwanza, tukaambiwa twende la pili; la pili wakaturudisha la kwanza. Mama alikuwa amembeba mtoto mgongoni muda wote, na mtoto mwenyewe ana miaka tisa.

Kanada, mwaka 2007, bunge lilikubali kanuni inayoitwa kwa jina la Jordan. Ni rahisi kuielewa: ofisi ya serikali iliyofikiwa kwanza ndiyo inayomhudumia mtoto na kulipa. Kudaiana na ofisi nyingine kunakuja baadaye, mtoto akiwa ameshapata huduma. Inaweza kuwa kiti cha magurudumu, mtaalamu wa kumsaidia kuongea, au msaidizi darasani.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Mwaka huo huo, mama mmoja mtetezi wa watoto, Cindy Blackstock, yeye mwenyewe wa jamii ya asili ya Gitxsan, pamoja na shirika lake na umoja wa machifu, waliishtaki serikali kuu. Miaka tisa! Januari 2016 baraza la haki za binadamu likaamua kwamba serikali iliwabagua watoto hao: ilitoa pesa kidogo kwa huduma za familia zao, na kanuni ya Jordan iliibana mno. Hata leo ziko familia zinazolalamika kwamba majibu yanachelewa.

Kuna jambo la pili, nalo linagusa kila nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wanaolelewa na familia zisizo zao ni wa asili, wakati kati ya watoto 100 wa Kanada, wa asili hawafiki 8. Ndiyo sababu sheria iliyoanza 1 Januari 2020 inasema mtoto wa asili asichukuliwe kwa sababu tu wazazi ni maskini au nyumba ni mbovu. Na akilazimika kuondoka, atafutwe kwanza ndugu wa kumlea, kama bibi, shangazi au mjomba. Akikosekana, mtu wa jamii yake. Mgeni kabisa ndiye wa mwisho.

Huku kambini sheria hizo hazitufikii. Ila yule mama sasa ana daftari. Kila dawati analoelekezwa, anamwomba ofisa aandike tarehe, jina lake na dawati anakompeleka. Kurasa mbili zilipojaa, alipewa kiti.

Kama na wewe una mtoto anayezungushwa hivyo, njoo studio na karatasi zako.

(Muziki unapanda.)