Punda Milia Walivyobeba Data

Januari 2004, katika hifadhi ya Sweetwaters, Laikipia, Kenya, punda milia kadhaa walivishwa kola zenye kipokezi cha setilaiti, redio, betri na paneli ndogo za sola. Mradi huo, ZebraNet, ulibuniwa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na wahandisi chini ya Margaret Martonosi, wakishirikiana na mwanabiolojia Daniel Rubenstein.

Huko nyikani hapakuwa na minara ya simu ya kutegemea, na kilichosubiriwa kupokea data kilikuwa gari la watafiti, ambalo nalo halikukaa mahali pamoja. Kwa hiyo wanyama walipewa kazi ya kupokezana. Wawili wakikaribiana, kola zao zilipeana rekodi za walikopita. Gari likimkuta mmoja, lilipata na habari za wenzake.

Lakini apewe nani? Ukimpa kila unayekutana naye, data itafika, ila kila nakala inakula chaji na kujaza hifadhi. Wabunifu wakafikiria kuchagua: kola iliyokutana na gari karibuni ipande daraja, isiyokutana nalo ishuke, na ya daraja la juu ndiyo ipewe data. Wazo zuri, mradi mambo yaendelee kama jana. Gari likibadili njia, au mvua ikihamisha malisho, daraja hilo halina maana tena.

Hapo ndipo ujuzi wa mwanabiolojia ulipofaa. Punda milia wa kawaida huishi kifamilia: dume mmoja, majike kadhaa na watoto wao, daima pamoja. Kola moja inatosha familia nzima, na chaji haipotei kwa kurudia habari ileile. Wale wa spishi ya Grevy huungana na kuachana, hivyo hesabu yao ni nyingine. Hakuna kompyuta ingeligundua hilo bila mtu aliyewafuata wanyama wenyewe.

Leo wapo wanaopanga kuwavisha ng'ombe vifaa vya namna hii. Nawasihi: kabla ya kuandika programu, muulizeni mchungaji mifugo hukutana kisima gani, saa ngapi, na kiangazi hubadili nini. Majibu yake ndiyo yatakayoamua data ipite wapi na betri idumu kiasi gani. Basi naye awemo kwenye bajeti, alipwe kama mtaalamu.