Barabara isiyo na gari: wenye baiskeli wanatafuta nini kwenye vumbi la ng'ambo?

Hapa Murara, mbele ya fundi wa kinga, swali moja linarudi kila mara. Wale wageni tunaowaona Gisenyi na baiskeli zenye vifuko pembeni, wanaenda wapi? Lami iko pale, safi, inapanda mpaka Kigali. Lakini wao wanaiacha, wanashika njia ya udongo kandokando ya ziwa na kumeza vumbi siku tano. Wengine kwetu wanacheka, wanasema ni watu waliokosa kazi. Jibu liko refu kidogo, na linatugusa sisi pia, zaidi wale wanaosukuma tshukudu.

Njia ile inaitwa Congo Nile Trail. Jina linatoka kwenye mgongo wa milima unaogawa maji: mito ya upande mmoja inashuka Ziwa Kivu na kuishia mto Kongo, ya upande mwingine inaenda Nili. Njia inaanza Rubavu, inapita Rutsiro na Karongi (wengi tunasema bado Kibuye), inamalizikia Kamembe, ng'ambo ya Bukavu. Ni kilometa 227. Anayetembea kwa mguu anahesabu siku 10, mwenye baiskeli 5. Unaacha chai ya Pfunda nyuma yako, unaingia kwenye kahawa, pale Kinunu unakuta kiwanda cha kuosha kahawa karibu na maji, halafu ndizi, halafu unapanda tena. Kupanda hakuishi! Ziwa liko meta 1460 juu ya usawa wa bahari, na njia inaliacha, inalirudia, sawa vile mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Kwa nini gari hazipiti sana huko? Hapa ndipo penye maana. Njia ile haikuzaliwa na kimya chake. Serikali ya Rwanda ilijenga barabara ya lami toka Rusizi mpaka Rubavu kupitia Karongi, na basi pamoja na kamio zikahamia huko. Kati ya Gisenyi na Kibuye, sehemu kubwa ya njia ya udongo ya chini ilibakia ya watu wa miguu, mbuzi, pikipiki moja moja na wenye baiskeli. Kusini ya Kibuye mambo ni mengine: vipande vingi vya njia ya kwanza vimefunikwa, na anayetaka udongo lazima atafute vichochoro. Lami ilitoa, na lami ikatwaa.

Huko Ulaya nako jambo hili limepiganiwa. Nchini Italia, katika vilima vya Toscana, kuna njia za changarawe nyeupe zinazopita ndani ya mashamba ya mizabibu. (Sisi mizabibu hatuna. Ile inayojulikana zaidi katika Afrika ya Mashariki iko Dodoma, Tanzania, na inavunwa mara 2 kwa mwaka.) Zilikuwa njia za wakulima na mikokoteni yao. Lami ilipoanza kuzimeza moja baada ya ingine, watu wa Gaiole in Chianti walianzisha mwaka 1997 safari ya baiskeli za kizamani, wakaiita L'Eroica. Walijitokeza watu 92 tu. Shabaha ilikuwa kuonyesha kwamba njia ya changarawe ni mali, si aibu ya kijiji. Miaka 10 baadaye, mwaka 2007, yalizaliwa pale mashindano ya wakimbiaji wakubwa, leo yanaitwa Strade Bianche, maana yake barabara nyeupe. Mwaka 2022 shirika la baiskeli la dunia lilianzisha hata ubingwa wa dunia wa changarawe, na mara ya kwanza ulifanyika huko huko Italia.

Baiskeli yenyewe haina uchawi. Ya mashindano ya lami, kama zile tulizoona Kigali mwezi wa 9 mwaka 2025 kwenye ubingwa wa dunia, iko na tairi nyembamba, karibu milimita 28. Ya changarawe inavaa milimita 40 mpaka 50, na upepo haujazwi sana. Tairi likiwa laini kidogo linakumbatia jiwe. Likiwa gumu linaruka, na wewe unaruka nalo. Kwenye kupanda unabaki umekaa kitini, juu ukisimama gurudumu la nyuma linateleza. Kwenye kushuka unashika breki mbele ya kona, si ndani yake. Mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu, shuka, sukuma. Hapo hata bingwa anasukuma.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu Kivu, kimya cha barabara kiko na maana ingine. Ukiona njia ya mashamba haina gari wala pikipiki tangu asubuhi, haufurahi, unajiuliza kuna nini mbele. Mama aliyetoka shambani mbio anajua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana siwezi kuandika hapa kwamba tuko na njia nzuri za kutembeza baiskeli huko Rutshuru ao Masisi, hata kama vilima viko na vinapendeza. Kimya kinachotafutwa na wale wageni ni kile ambacho gari zimepewa njia yake na watu wanabaki na yao, na hakuna anayeogopa kichaka.

Pahali petu panapokaribia hapo, kwa maoni yangu, ni Idjwi. Kisiwa kile kiko katikati ya ziwa, gari ni chache, njia ni za udongo, na kando yake kuna kahawa, ndizi na mananasi. Unapandisha kinga kwenye mashua, unashuka nayo, unaanza kukanyaga pedali. Pikipiki zipo, lakini unazisikia toka mbali.

Lakini wenye haki ya kwanza juu ya njia isiyo na gari si watu wa matembezi. Ni vijana wa tshukudu. Mtu anateremka toka Kibumba, zaidi ya kilometa 20, na mamia ya kilo za viazi, makabichi ao makala, juu ya mbao mbili na magurudumu ya mti yaliyovishwa mpira. Breki yake ni kipande cha tairi anachokanyaga kwa mguu. Nyuma yake kuna kamio inapiga honi. Tumemjengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, lakini barabarani hatujamwachia hata meta moja. Kila lami mpya tunaishangilia, na ni haki, ila upana wake unapimwa kwa gari; pembeni ni mfereji, halafu wauzaji.

Na changarawe si tunayo? Nyiragongo ilitumwagia mwaka 2002 na tena 2021, na mpaka leo watu wanaponda mawe kwa nyundo. Jiwe la volkano likiachwa kubwa linakata tairi kama kisu. Likipondwa dogo na kushindiliwa vizuri linashika, na maji yanapita. Meta moja na nusu ya namna hiyo kando ya lami, toka Kibumba mpaka mjini, ingetosha tshukudu, kinga na mama mwenye mzigo kichwani.

Kwa anayetaka kujaribu ile ya ng'ambo: anza mapema mbele ya jua, beba mipira miwili ya ndani, pompi na maji. Na pale mpakani uliza kwanza kama karatasi unayoshika inakuruhusu kufika Karongi, ao inaishia Rubavu.