Thredi ya spindeli: kipimo kidogo kinachoweza kulaza mtaji

WAFANYABIASHARA na wawekezaji wadogo wanaotaka kuingia katika biashara ya mashine ndogo za milingi, yaani zile za mezani zinazochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, huulizia kwanza bei ya mashine na nguvu ya mota. Swali linaloamua kama fedha itarudi mara nyingi husahaulika: spindeli ina thredi gani?

Spindeli ni mhimili unaozungusha kisu. Chaki yenye taya, kishika kisu na vifaa vingine vyote hufungwa hapo. Kifaa kisichoingia kwenye spindeli ya mteja hakiuziki kwake, hata kikiwa kipya na cha bei nafuu. Aliyeagiza katoni nzima ya vifaa vya namna hiyo ana mali iliyolala.

NJIA MBILI ZA KUFUNGA

Kwa kawaida mashine hizi hufungwa vifaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni thredi ya nje kwenye pua ya spindeli, ambapo kifaa huzungushwa kama kifuniko cha chupa. Mfano ni Sherline ya Marekani, ambayo spindeli yake ya kawaida ina thredi ya inchi 3/4 yenye meno 16 kwa inchi, maarufu kama 3/4-16. Mashine ya kukereza na ya milingi za kampuni hiyo hutumia spindeli ya aina moja, hivyo chaki ya moja huhamia kwenye nyingine. Kwa mwenye duka hiyo ni faida, kwani akiba moja ya vifaa huhudumia wateja wa aina mbili.

Njia ya pili ni tundu la ndani linalopungua upana kadiri linavyoingia. Kifaa husukumwa humo, kisha bolti ndefu inayopita katikati ya spindeli hukivuta kutoka juu. Mashine za aina ya Sieg X2 kutoka China hutumia njia hii, zikiwa na tundu la R8 au la Morse namba 3.

VIPIMO VINAVYOFANANA

Hasara nyingi hutokana na thredi zinazokaribiana. Thredi ya 3/4-16 ina kipenyo cha milimita 19.05, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5875. Thredi ya M20 yenye hatua ya milimita 1.5 huonekana kwa macho kuwa ni ileile. Kifaa cha M20 kikijaribiwa kwenye spindeli ya 3/4-16 huweza kuingia mizunguko michache kikiwa kimelegea, kisha hukwama. Katika meno kumi tofauti imefika karibu milimita 0.9. Anayekilazimisha kwa spana huharibu spindeli, ambayo ni ghali kuliko kifaa.

Hali kadhalika, spindeli ya Unimat 3 ya Austria ina thredi ya M14 yenye hatua ya milimita 1. Vifaa vyake havibadilishani na vya 3/4-16 bila adapta.

Kwenye bolti za juu mambo ni hayohayo. Vifaa vya R8 kwa desturi vina thredi ya 7/16-20, lakini vipo pia vinavyouzwa na M12. Vya Morse namba 3 hupatikana na M12, M10 au 3/8-16. Kwa hiyo oda iliyoandikwa "Morse namba 3" bila kutaja thredi ya bolti haijakamilika. Bolti ya 3/8-16 na tundu la M10 ni jozi ya hatari zaidi, kwani bolti huanza kushika ikilegea na kumfanya fundi aamini kuwa kifaa kimefungwa.

BEGA NDILO LINALONYOOSHA

Thredi kulingana si mwisho wa safari. Kazi ya thredi ni kuvuta tu, na lazima iwe na nafasi kidogo ili izunguke. Kinachokiweka kifaa katikati na kukinyoosha ni bega la spindeli pamoja na sehemu laini iliyo karibu nalo, au tundu la ndani. Ndiyo maana kifaa cha kiwanda kingine chenye thredi ileile kinaweza kuingia vizuri na bado kikazunguka kikiyumba, kwa sababu bega lake halikukatwa kwa vipimo vya mashine hiyo.

Uchafu nao huleta hasara. Chembe ya chuma yenye unene wa milimita 0.05 ikibanwa upande mmoja wa bega lenye upana wa milimita 30, ncha ya kisu iliyo milimita 60 chini yake itahama kwa milimita 0.1. Geji ya saa itaonyesha mara mbili ya hapo. Mteja atalalamika kuwa mashine ni mbovu, kumbe ilihitaji kitambaa tu.

UFUNGAJI SALAMA

Kabla ya kufunga, umeme hutolewa kwenye soketi. Thredi na bega husafishwa pande zote mbili, kisha tone moja la mafuta laini hutiwa kwenye thredi. Kifaa huzungushwa kwa mkono hadi bega liguse bega, ndipo hukazwa. Kikikataa mapema, hurudishwa nyuma na kupimwa upya. Mota haitumiwi kukaza, wala nyundo kufungulia, kwa kuwa pigo huumiza beringi.

Mashine ikizunguka kwa upande wake wa kawaida, nguvu ya kukata huzidi kukaza thredi ya kulia. Ikizungushwa kinyume, au chaki nzito ikisimamishwa ghafla, kifaa huweza kujifungua na kuruka. Mteja mwenye mashine inayorudi nyuma aelezwe hilo dukani, kabla hajalipa.

KWA MWENYE DUKA

Oda ya vifaa hivi haina budi kutaja mambo matano: kipenyo cha thredi, idadi ya meno kwa inchi au hatua kwa milimita, vipimo vya bega, aina ya tundu la ndani, na thredi ya bolti ya juu. Kalipa na geji ya thredi hutosha kupima sehemu kubwa ya hayo, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na katoni moja iliyokosewa.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ni afadhali kuchagua thredi moja au mbili zinazotumiwa na wateja alio nao na kuweka vifaa kamili vya hizo, kuliko kujaza rafu kwa vifaa vya kila aina. Aidha, kila kifaa kibandikwe karatasi yenye thredi yake tangu siku kinapopokewa. Kikishachanganyika na vingine, kitahitaji kupimwa upya kabla hakijauzwa.