GPA ya 3.4 Inakufikisha Mlimani?

"Nina GPA ya 3.4, naweza kuhamia Mlimani?" Swali hili la kuhamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au ndugu zake, hunifikia kila mwaka matokeo ya muhula wa pili yanapotoka na vijana wanaosoma sheria kurudi likizo Tunduma, Vwawa na Mlowo. Anayeuliza huwa ameshajipima na mwenzake wa chumbani na ameshajipa jibu analolipenda. Anachotafuta ni mtu mzima wa kuligonga muhuri. Mimi humrudishia swali: 3.4 ya nini?

Tuwachukue wanafunzi wawili wa kubuni, wote wamemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria, LLB. Katika mfumo wa vyuo vikuu vyetu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikijumlishwa za darasani, za maktaba na za mtihani, na mwaka mzima huhesabiwa krediti 120. Tuseme kila mmoja amesoma kozi nne za sheria zenye krediti 24 kila moja, yaani Mikataba, Jinai, Katiba na Mbinu za Kisheria. Zilizobaki ni Stadi za Maendeleo na Stadi za Mawasiliano, krediti 12 kila moja. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2.

Wa kwanza amepata B ya Mikataba, B ya Jinai, C ya Katiba na B+ ya Mbinu za Kisheria. Kwenye Maendeleo na Mawasiliano amevuta A mbili. Zidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, jumlisha, unapata 408. Gawa kwa 120, unapata 3.4.

Wa pili ana B+ ya Mikataba, B+ ya Jinai, B ya Katiba na B+ ya Mbinu za Kisheria. Maendeleo na Mawasiliano kapata C zote mbili, pengine kwa uvivu, pengine kwa dharau. Jumla yake ni 408, na GPA yake ni 3.4 ileile.

Sasa ondoa zile kozi mbili zisizo za sheria. Wa kwanza anabaki na wastani wa 3.0, wa pili anapanda hadi 3.75. Matokeo yao ya jumla hayapishani hata kwa nukta, lakini mkuu wa idara anayepokea maombi yao atawaona wanasheria wawili tofauti kabisa. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza akachukue kalamu, aondoe kozi za jumla, apige upya hesabu ya kozi za sheria peke yake. Hiyo ndiyo namba ya kuanza kuizungumza.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Kwa kanuni za Mlimani GPA hukatwa, haipandishwi; mwenye 3.49 anaandikiwa 3.4. Kwa kuwa daraja la pili la juu huanzia 3.5 na la kwanza 4.4, mtu anaweza kukosa daraja kwa alama moja ya kozi moja. Asiyelijua hili hujaza fomu akijiita wa 3.5, kisha ofisi ya udahili inafungua transkripti na kumsoma vingine.

Namna GPA inavyotumika kuamua uhamisho si moja kila nchi, na tofauti kubwa kati yetu na wenzetu wa Marekani iko hapa. Kule sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na anayetaka kuhama hupimwa hasa kwa alama za mwaka wake wa kwanza na nafasi yake darasani. Alama zenyewe mara nyingi hugawanywa kwa kuwalinganisha wanafunzi wao kwa wao, kwa hiyo kuwa katika kumi bora kuna maana hata kama mtihani ulikuwa mgumu. Chama cha Wanasheria cha nchi hiyo huvitaka vyuo vitangaze kila mwaka vimepokea wahamiaji wangapi, na viwango vyao vya alama vilikuwaje. Mwombaji hufungua jedwali, akajiona yuko juu au chini. Sisi hatuna jedwali hilo. Kwetu 70 ni A, hata darasa zima likiipata, na uhamisho si mashindano ya nyota. Ni suala la krediti: ulichosoma kule kinafanana na kinachofundishwa hapa, au hakifanani?

Lakini kabla ya krediti kuna lango la kwanza, na hapo ndipo wengi hukwama bila kutarajia. Chuo unachokwenda kinatazama kwanza kama ungekidhi sifa za kuingia tangu mwanzo. Matokeo ya kidato cha sita hayafi. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1. Aliyepitia stashahada anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0. Hicho ni kiwango cha chini tu. Kozi yenye waombaji wengi, kama sheria ya Mlimani, huweza kudai zaidi. Ukiwa uliingia chuo chako cha sasa kwa pointi 4 za HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), GPA ya 4.0 ya mwaka wa kwanza ni sifa nzuri, lakini haifuti zile pointi 4. Fungua mwongozo wa udahili wa mwaka ulioanza masomo, tazama sifa za programu unayoitaka, kisha ndipo ujiulize kuhusu GPA.

Baada ya hapo zinakuja kozi zenyewe. Anayekupokea hutaka mihtasari ya kozi ulizosoma, maana jina peke yake halimtoshi. Sheria ya Mikataba ya chuo kimoja inaweza kumaliza mada zote kwa mwaka mzima, ya chuo kingine ikawa ya muhula mmoja, na anayehama akajikuta anairudia nusu yake pamoja na wadogo zake. Kuna vyuo vinavyoweka Sheria ya Madhara mwaka wa kwanza na vingine mwaka wa pili. Ukihamia mwaka wa pili mahali ambapo wenzako walishaimaliza, utaibeba kama deni. Kwa hiyo alama nzuri katika kozi isiyohamishika ni kama noti ya kwacha pale Sogea, Tunduma: ni pesa halali, lakini si kila muuzaji ataipokea. Uliza pia swali ambalo wanafunzi hawaliulizi: krediti zikikubaliwa, je, alama zake zitaingia kwenye GPA ya shahada mpya, au krediti zitahesabiwa na alama ziachwe? Mwenye 4.5 anaweza kupoteza hazina yake yote kwa jibu la swali hilo. Mwenye 2.8 anaweza kulipenda jibu hilohilo.

Tuje kwenye sapu. Kwa kanuni za vyuo vyetu vingi, ukifaulu mtihani wa marudio unapewa C, hata kama karatasi yako ilistahili 80. Sapu moja ya Maendeleo sioni kama inamfungia mtu mlango. Sapu ya Mikataba au Katiba inasomeka vibaya zaidi, kwa sababu kozi za miaka inayofuata zimejengwa juu yake. Na ukiwa na keri, yaani kozi uliyoivusha mwaka bila kuifaulu, usiombe. Imalize kwanza hukohuko. Aliyedisco, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, naye mambo yake ni mengine kabisa: huyo haulizi habari za uhamisho, anauliza kama anaweza kuanza upya.

Kwa sisi wa mpakani kuna kundi jingine ambalo miongozo mingi hailikumbuki. Tunduma na Nakonde ya Zambia ni mji mmoja uliokatwa na mstari, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kifunguliwe rasmi Oktoba 2019 watu wanavuka kwa wepesi kuliko zamani. Baadhi ya vijana wetu wanasoma Lusaka, kisha hamu ya kurudi nyumbani inawashika. Alama zao hazisomeki moja kwa moja huku. Chuo Kikuu cha Zambia kina ngazi kama C+ na A+, ambazo kwenye mizani niliyoitumia hapa hazipo. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na vya chuo hutambuliwa na TCU. Hakuna chuo kitakachokaa na wewe kujadili GPA kabla ya karatasi hizo. Na kwa yeyote, wa ndani au wa nje, ufunguo wa alama kwa kawaida huchapwa nyuma ya transkripti. Geuza karatasi uusome.

Sasa, kiasi gani kinatosha? Haya ni maoni yangu, si kanuni ya chuo chochote. Mwenye wastani wa kozi za sheria wa 3.5 na kuendelea, asiye na sapu ya sheria, na aliyeingia kwa sifa zinazokidhi kule aendako, aombe bila kujishuku. Mwenye 3.0 hadi 3.4 aombe kama ana sababu ya kuhama isiyo jina la chuo: maradhi, mzazi mgonjwa, ada isiyobebeka, mwenza aliyehamishwa kikazi. Mwenye chini ya 3.0 namshauri abaki, apandishe alama, na aache kuamini kwamba udongo mpya utamsomea.

Neno hilo kuhusu jina la chuo linaudhi watu, na naelewa. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilianza 1961 kikiwa cha kwanza katika ukanda huu, na kimetoa watu kama Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Mzazi wa Mbozi aliyeuza kahawa kulipa ada ana haki ya kutamani mwanawe apite hapo. Lakini anayetaka kuwa wakili Tanzania Bara, atoke Mlimani, Mzumbe, Iringa au Mwanza, atakutana na wenzake wote katika mlango mmoja: Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo kila mtu anaiita Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Oktoba 2022 nchi nzima ilishtushwa na matokeo yake. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. 342 walipewa sapu na 265 walifeli. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe ichunguze kulikoni. Ubishi uliofuata ulihusu mengi: udahili, ufundishaji, Kiingereza cha wanafunzi, utungaji wa mitihani. Mimi nilichojifunza ni kimoja. Wale 633 wote walikuwa na shahada, na mtihani haukuuliza ulihama kutoka wapi.

Kwa hiyo kijana aliye kwenye kampasi ya Mzumbe hapo Mbeya, anayepata B+ za Mikataba na Jinai, sioni anachokwenda kukitafuta zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo, isipokuwa kama ana sababu zake. Na kama anataka tu kubadili mazingira, kuna njia nyepesi isiyotajwa sana: kuomba kwenda kampasi kuu ya Morogoro. Chuo ni kilekile na seneti ni ileile, hivyo ubishi wa kozi kulingana hupungua sana. Kinyume chake, binti wa Tunduma anayesoma Mwanza na kutumia siku mbili njiani kila likizo ana hoja nzuri ya kusogea Mbeya au Iringa hata kwa 3.1, na hoja hiyo aiandike waziwazi kwenye barua yake. Mkoa wetu wa Songwe uliundwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na anayetafuta shahada ya sheria karibu na nyumbani bado huanza kwa kutazama upande huo. Kwa wale ambao tayari wana kazi kwa mawakala wa forodha na hawataki kuiacha, Chuo Kikuu Huria hufundisha LLB, na mwanafunzi husoma akiwa kwake.

La mwisho ni tarehe na fedha, vitu viwili vinavyoangusha maombi mazuri. Uhamisho una dirisha lake, na hufungwa. Barua ya kuruhusiwa kutoka, transkripti, mihtasari ya kozi na barua ya kupokelewa havipatikani siku moja, na chuo cha zamani hakitakutolea transkripti ukiwa unadaiwa ada. Mwenye mkopo ajue kwamba haumfuati wenyewe. Bodi ya Mikopo huuhamisha baada ya uhamisho kukubalika rasmi, na bumu, yaani fedha ya kujikimu, la muhula wa kwanza linaweza kuchelewa. Weka akiba ya kula na kulala kwa miezi miwili au mitatu. Kwa familia za Mbozi msimu wa kahawa huangukia kabla ya vyuo kufunguliwa, basi mazungumzo na mzee yafanyike Julai, kabla fedha haijapata matumizi mengine.