Kuhamisha Injini Kwenye Land Rover Kuukuu

Piyaya ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Lami inayotoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu inakomea lango la Lodoare, la kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro. Kuanzia hapo ni changarawe, mawe, na vumbi laini lililotokana na majivu ya volkano. Gari likizimika huko, mwenyewe hapigi simu bredauni ikaja baada ya nusu saa. Kwa hiyo mtu anayetaka kubadili injini ya Land Rover yake ya zamani, ili imfikishe Piyaya na kumrudisha, haanzi kwa kuuliza injini ipi ina nguvu. Anauliza: nozeli ikiziba siku ya mnada, nani ataizibua, na kwa spana gani?

Chombo kuishi kuliko injini yake si jambo geni Tanzania. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiwa na injini za mvuke. Miaka ya 1970 ikafungwa za dizeli, na bodi ikabaki ileile. Land Rover nayo iliumbwa kwa namna inayoruhusu maisha ya pili. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikawa ya aluminiamu. Chesisi huweza kuliwa na kutu, lakini huchomelewa. Bodi yenyewe imefungwa kwa boliti vipandevipande, hata uso wote wa mbele unaobeba rejeta na taa hufunguka. Fundi akishautoa, injini inatoka kwa mbele bila kuhitaji kunyanyuliwa juu sana, na winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye miguu mitatu ya bomba inatosha.

Kwa nini basi watu waiache injini ya asili? Land Rover ya Series III ya dizeli, iliyoanza kuuzwa 1971, ilikuwa na injini ya lita 2.25 yenye nguvu za farasi 62. Hizo ni namba zilizopimwa kiwandani. Karatu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika mita 2,300. Kwenye kimo hicho hewa imepungua uzito kwa karibu moja ya tano, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Farasi 62 wanabaki kama 50, gari limebeba magunia na watu tisa, na mlima bado unaendelea. Yeyote aliyewahi kufuata Land Rover ya namna hiyo kwenye kona za juu ya Lodoare anajua moshi mweusi una maana gani: dizeli inaingia kuliko hewa iliyopo ya kuichoma.

Hapo ndipo uchaguzi unaanza, nao una njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni kubaki ndani ya ukoo. Injini ya 200Tdi, iliyotoka mwaka 1989 kwenye Discovery na kuingia Defender mwaka 1990, inatokana na ukoo wa zile za lita 2.25, kwa hiyo hukaa kwenye giaboksi ya Series karibu bila kubadilisha kitu. Ina turbo, na nguvu yake ya kuzungusha inafika nyutoni mita 255, wakati dizeli ya zamani ilikuwa na kama 140. Iliyotoka kwenye Defender ndiyo rahisi zaidi kwa sababu turbo yake imekaa juu. Ile ya Discovery turbo iko chini na hugombana na chesisi. 300Tdi iliyofuata mwaka 1994 ni injini nzuri, ila mpangilio wa boliti zake umebadilika, na anayeinunua akidhani itaingia kama 200Tdi atajikuta anatafuta mtu wa kukereza chuma.

Njia ya pili ni kuoa nje. Hata kiwanda chenyewe kilifanya hivyo: mwanzoni mwa miaka ya 1980, Land Rover zilizouzwa Australia zilifungwa Isuzu 4BD1 ya lita 3.9, injini ya lori kabisa. Kwa upande wa Karatu na Arusha, jina linalotajwa sana ni 1HZ ya Toyota, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990. Sababu inaonekana barabarani. Magari mengi ya watalii yanayopita Lodoare kila asubuhi ni Land Cruiser, na nyingi kati ya hizo zinasukumwa na injini hiyo. Kwa hiyo chujio, mkanda wa taimingi, nozeli, pampu ya maji na fundi aliyezoea kuvifunga, vyote viko jirani.

Td5 ya Land Rover, ya mwaka 1998, na zilizoifuata ni afadhali zisichaguliwe kwa safari za Piyaya. Si kwamba ni mbovu. Upigaji wake wa mafuta unaongozwa na kompyuta, na kompyuta ikikataa mtu anahitaji mashine ya kuisoma. 200Tdi, 300Tdi na 1HZ zina pampu ya kimakanika. Umeme zinaouhitaji ili ziendelee kuunguruma ni wa waya mmoja unaoachia mafuta.

Ukweli usiopendwa kusemwa gerejini ni kwamba gharama haikwepeki katika njia yoyote. Anayechagua 200Tdi analipa kidogo kwenye kuunganisha, halafu analipa maisha yote akiwinda spea Arusha, kilomita zipatazo 140 kutoka Karatu. Anayechagua 1HZ anapata spea kirahisi, lakini kazi ya kuunganisha ni nzito. Kwa gari la mjini njia ya kwanza ingetosha. Kwa gari la Piyaya, hesabu inaelekea upande wa Toyota, kwa sharti moja: kazi ya kuunganisha isifanywe kwa kukadiria kwa jicho.

Injini ya kigeni na giaboksi ya Land Rover hukutana kwenye sahani nene ya chuma iliyotobolewa matundu ya pande zote mbili. Sahani hiyo lazima ihakikishe kwamba kitovu cha krenki na kitovu cha shafti ya giaboksi viko kwenye mstari mmoja, kwa tofauti isiyozidi sehemu moja ya kumi ya milimita hivi. Jicho halioni kiasi hicho. Kinachoona ni geji ya saa, inayofungwa kwenye flaiwili na kuzungushwa polepole huku mshale wake ukisomwa. Ikirukwa hatua hii gari litawaka na litaondoka vizuri. Baada ya miezi kadhaa klachi itaanza kutetema, beringi ya mbele ya giaboksi italia, na lawama itaangukia giaboksi isiyo na kosa.

Wenye majahazi ya pwani wanaofunga injini za lori wanaijua shida hii, na kwao ina tabu ya ziada. Flenji ya injini na ya shafti ya rafadha zinapokutana, kanuni inayotumika ni ileile: kwa flenji ya milimita 100, nafasi kati yake isitofautiane upande hadi upande kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Lakini mbao za jahazi hubadilika umbo zikielea, kwa hiyo kipimo cha nchi kavu hurudiwa majini. Mwenye Land Rover ashukuru chesisi yake haifanyi hivyo.

Uangalifu wa pili ni siku ya kuingiza injini. Ni kosa la kawaida kuisogeza karibu na giaboksi na kuimalizia kwa kukaza boliti. Uzito wote unaning'inia kwenye shafti nyembamba, na sahani ya klachi inapinda kabla gari halijatembea mita moja. Injini inatakiwa iingie hadi mwisho kwa kutikiswa kwa mkono huku giaboksi imeinuliwa kwa jeki, ndipo boliti ziguswe. Kabla ya hapo, ikiwa bado iko chini kwenye matairi chakavu, ibadilishwe mkanda wa taimingi, sili ya nyuma ya krenki, beringi ya kuachia klachi na pampu ya maji. Vitu hivi vinafikika kwa dakika chache injini ikiwa nje, na kwa siku nzima ikiwa ndani.

Injini za mtumba zinazotoka Japani zina mtego mdogo wa umeme. Land Cruiser nyingi za dizeli za soko la Japani ni za volti 24. Land Rover ni ya volti 12. Starta ya volti 24 kwenye betri ya 12 itazunguka kama imechoka, mwenye gari atalaumu betri, atanunua nyingine, na hali itabaki ileile. Starta, oltaneta na plagi za kupashia joto vikaguliwe vibandiko vyake kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kuna hatari kubwa zaidi ambayo haionekani kabisa gari likiwa limesimama. Mwenye Land Rover ya petroli anayehamia dizeli anapoteza vakyumu. Injini ya petroli hunyonya hewa kupitia mlango unaofungwa na kufunguliwa na pedeli ya mafuta, na mvuto unaobaki nyuma ya mlango huo ndio unaosaidia sevo ya breki. Dizeli za aina hizi hazibani hewa kwa mlango wa namna hiyo, kwa hiyo mvuto haupo, na sevo inabaki kopo tupu. Breki bado zitashika, lakini kwa kukanyagwa kwa nguvu zote za mguu. Ndiyo maana dizeli huwa na pampu yake ya vakyumu. Kwenye baadhi ya Toyota imefungwa nyuma ya oltaneta. Hapo fundi akiondoa oltaneta ya volti 24 na kuweka ya 12 isiyo na pampu, ametatua tatizo la umeme na kuondoa breki kwa spana hiyohiyo. Mteremko wa kutoka ukingoni kuelekea bonde la Malanja si mahali pa kuligundua hilo.

Tanki nalo lioshwe. Mrija wa kurudishia mafuta ya ziada uongezwe pia, maana dizeli hurudisha tankini mtiririko ambao mfumo wa petroli wa zamani haukuwa nao.

Baada ya nguvu kuongezeka, meno ya difu yanaanza kusema. Series nyingi zina difu ya uwiano wa 4.7, iliyowekwa kwa ajili ya injini dhaifu. Kwa matairi ya 7.50-16 na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ukiweka difu za 3.54 kutoka Discovery au Defender, mwendo uleule unahitaji mizunguko karibu 2,200. Dizeli nzito inafurahia zaidi hapo, na masikio ya abiria pia. Hata hivyo, giaboksi ya Series na eksel za nyuma za zamani hazikuundwa kwa nyutoni mita 285 za 1HZ. Wengi huhamisha injini pamoja na giaboksi yake ya Toyota. Hapo propela shafti zitakatwa upya na kusawazishwa, na kabla ya kuchomelea chochote mtu aangalie shafti ya mbele inatokea upande gani na difu iko upande gani. Na kwenye pua fupi ya Series silinda sita zinabana: rejeta husogezwa mbele. Kwenye Land Rover 110 na Defender nafasi ni afadhali.

Rejeta yenyewe isidharauliwe. Kwenye ukingo wa kreta maji huchemka yakifika nyuzi joto 92 hivi badala ya 100. Kinachozuia yasichemke ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko. Kifuniko kilicholegea, kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mradi mzima, kinaweza kuua gasketi ya silinda hedi ya injini iliyogharimu mamilioni. Vumbi nalo: udongo wa nyanda za Serengeti mashariki umetokana na majivu ya volkano, na unasaga silinda kama msasa. Bomba la kunyonyea hewa lipandishwe juu hadi paa, na viungo vyote kati ya chujio na injini vikazwe kwa klipu, visifungwe kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Kadi ya gari ina namba ya injini. Injini ikibadilika, Mamlaka ya Mapato (TRA) ipewe taarifa na kadi irekebishwe, na risiti ya injini ya mtumba itunzwe. Askari wa barabarani anayelinganisha namba hana njia nyingine ya kutofautisha injini iliyonunuliwa na iliyoibwa.

Majaribio yanafanyika vizuri zaidi karibu na nyumbani: kupanda kutoka Karatu kwenda Lodoare na kurudi, gari likiwa na mzigo, huku mtu akitazama geji ya joto na kugusa ngoma za breki kila kituo. Baada ya kilomita mia chache boliti za mauntini, za sahani ya kuungia na za propela shafti hukazwa tena, kwa sababu chuma kipya hujipanga. Safari ya kwanza ya Piyaya inafuata hapo, na kwenye boksi la zana ziwemo mikanda ya akiba, chujio mbili za dizeli, hosi ya rejeta na kifuniko chake cha pili.