Kipindi cha leo: Kompyuta inayozima ukiigusa

(Muziki unashuka.)

Leo tunazungumzia kompyuta, hasa zile tunazotumia kwa zamu katika vituo vya vijana. Moja ikiharibika, foleni inakuwa ndefu na kuna mwenzako atakayekosa somo lake.

Je, umewahi kuchomeka flashi ukasikia kitu kimekupiga kidoleni, na papo hapo kompyuta ikaganda au ikazima? Huo si uchawi, wala si lazima iwe virusi. Huenda ni umeme tuli.

Umeme tuli hutokea vitu viwili vikisuguana. Ukivua sweta la nailoni gizani, unasikia mlio na kuona vimulimuli. Ndio huo. Hewa ikiwa na unyevu, umeme huo hupotea polepole. Hewa ikiwa kavu, kama Kakuma na Dadaab, au Nyarugusu wakati wa kiangazi, unabaki mwilini mpaka uguse kitu. Mtu huanza kuusikia ukifika kama volti 3,000. Haukuumizi, kwa kuwa ni kidogo na hupita mara moja. Lakini baadhi ya vipande vya ndani ya kompyuta huharibika hata kwa chini ya volti 100, wewe hujasikia chochote.

Utajuaje kuwa tatizo ni hilo? Angalia wakati. Ikizima unapoigusa au kuchomeka kitu, shuku umeme tuli. Ikizima baada ya kufanya kazi muda mrefu na ni ya moto, shuku vumbi na joto. Ikizima pamoja na taa, tatizo ni umeme wa sola au jenereta.

Ikiganda, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Chomoa waya wa umeme na flashi. Kama ni laptopu yenye betri inayotoka, itoe. Bonyeza tena kitufe hicho kwa sekunde 30, kisha rudisha kila kitu na uwashe. Mara nyingi itaamka.

Kuzuia ni rahisi. Kabla ya kugusa kompyuta, gusa kwanza chuma kisicho na rangi kilichosimikwa ardhini, kama nguzo ya mlango. Nyunyiza maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia, mbali na nyaya.

Na wewe fundi, usifungue kompyuta juu ya blanketi au mfuko wa plastiki. Tumia meza ya mbao. Chomoa umeme, gusa bodi ya chuma ya mashine mara kwa mara, na ushike memori pembeni, si kwenye vimeno vya rangi ya dhahabu. Kipande kilichopigwa leo kinaweza kufa wiki ijayo, na hutajua chanzo.

Msikilizaji, gusa chuma kwanza, kompyuta baadaye. Mwambie na anayekufuata kwenye foleni. Kwa leo ni hayo. Kwaheri.

(Muziki unapanda.)